"Waigizaji wa Awali": Dhana Potofu Kuhusu Rekodi za Broadway Zinazotolewa Upya

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na sidii ya tamthilia ya muziki My Fair Lady nikiapa kwamba ninayo ile yenyewe ya 1956, ya Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho la New York. Kwenye jalada walikuwepo Rex Harrison na Julie Andrews, na maandishi makubwa yakisema hao ndio waigizaji wa awali. Siku moja nikawa natafuta jina la mwongozaji wa okestra, nikakuta Cyril Ornadel. New York fimbo ilishikwa na Franz Allers. Ornadel ni wa London. Kumbe nilichokuwa nikikilinda kama mboni ya jicho ni rekodi ya London ya 1959, na yule muuzaji aliyeniambia "hii ndiyo ya kwanza kabisa, ndugu yangu" wala hakukusudia kunidanganya. Naye alikuwa amesoma jalada kama nilivyolisoma mimi.

Tangu siku hiyo huanza na maandishi madogo. Tamthilia za muziki za Broadway za miaka ya 1940 na 1950 zimetolewa upya kwenye santuri, kanda, sidii na sasa mtandaoni, na kila zinapotoka huja na maneno ambayo sisi wapenzi wake tumeyameza bila kutafuna.

"Nyota ni walewale, basi rekodi ni ileile"

My Fair Lady ilifunguliwa tarehe 15 Machi 1956. Kampuni ya Columbia iliirekodi Jumapili ya tarehe 25, siku kumi tu baadaye, kwa mono, yaani sauti ya njia moja. Mwaka 1958 Harrison, Andrews, Stanley Holloway na Robert Coote wakahamia nayo London, ukumbi wa Drury Lane. Wakati huohuo santuri za stereo, zenye sauti ya njia mbili, zilikuwa zimeingia madukani na kila mwenye gramafoni mpya alitaka kitu cha kuijaribia. Columbia ikawarekodi tena walewale, safari hii London, kwa stereo.

Kwa hiyo rekodi ziko mbili, nyota walewale, nyimbo zilezile. Lakini sikiliza. Kufikia 1959 Harrison alikuwa amemcheza Profesa Higgins, mhusika wake, usiku baada ya usiku mpaka amemzoea kama kanzu yake ya nyumbani: anajivuta, anaongea pale alipokuwa angalau akijaribu kuimba. Andrews ameiva, sauti imenyooka. Mimi naipenda ya mono. Ina wasiwasi wa watu ambao bado hawajaamini kwamba mchezo wao umependwa. Wengine wananicheka kwa hilo, na stereo ya London kweli ni tamu masikioni. Ukitaka kujua unayo ipi, mtafute anayeimba kama Freddy, mhusika mdogo wa mchezo huo. Ukikuta John Michael King, uko New York. Ukikuta Leonard Weir, uko London.

Kiss Me, Kate nayo ina pacha. Columbia iliirekodi mwanzoni mwa 1949. Miaka kumi baadaye kampuni ya Capitol iliwakusanya tena Alfred Drake, Patricia Morison, Lisa Kirk na Harold Lang ili waimbe upya kwa stereo. Majina manne yaleyale kwenye majalada mawili tofauti. Anayenunua kwa kuangalia majina peke yake anabahatisha.

"Wanaosikika ndio waliosimama jukwaani"

Ingekuwa hivyo kama mikataba isingekuwepo. Mwaka 1950 kampuni ya RCA Victor ilitoa fedha za kuandaa Call Me Madam ikitegemea kuvuna kwenye santuri. Nyota wa mchezo alikuwa Ethel Merman, na watu walijaa ukumbini kwa ajili yake. Tatizo ni kwamba Merman alikuwa amefungwa na mkataba wa kampuni shindani ya Decca, na Decca haikumwachia. RCA ikabaki na waigizaji wote isipokuwa yule aliyewaleta watu mlangoni. Ikamweka Dinah Shore, mwimbaji mzuri ambaye hakuwa na lolote kwenye onyesho lile. Decca nayo ikamrekodi Merman na waimbaji wake. Hakuna santuri hata moja kati ya hizo mbili inayokupa Call Me Madam kama ilivyokuwa jukwaani.

Kisa cha Pal Joey kinachekesha zaidi. Mchezo wenyewe ulitoka 1940 na haukupata albamu ya waigizaji wake. Miaka kumi baadaye mtayarishaji wa Columbia, Goddard Lieberson, akaurekodi studio tu, bila onyesho lolote nyuma yake, akiwatumia Vivienne Segal, ambaye alikuwemo kwenye mchezo wa 1940, na Harold Lang. Santuri ikapendwa kiasi cha kuufufua mchezo wenyewe: 1952 ukarudi Broadway, na walioongoza ni haohao Segal na Lang. Albamu ya onyesho hilo ikaenda Capitol, lakini Segal na Lang walikuwa watu wa Columbia. Capitol ikawaweka Jane Froman na Dick Beavers mahali pao. Ukitaka kuwasikia nyota wa onyesho la 1952, basi, unasikiliza santuri iliyorekodiwa kabla onyesho halijakuwepo.

Hata Oklahoma!, ambayo ndiyo msahafu wa mambo haya, ina siri yake. Jukwaani wimbo wa upweke wa mhusika Jud, "Lonely Room", uliimbwa na Howard Da Silva. Kwenye rekodi za Decca anayeuimba ni Alfred Drake, aliyemcheza Curly, hasimu wa Jud. Msikilizaji asiyejua atashangaa kijana yule mchangamfu ameingiwa na nini ghafla.

"Walirekodi ukumbini, watazamaji wakiwepo"

Hapana. Hayo makofi unayoyakumbuka ni ya kichwani mwako. Karibu rekodi zote hizi zilifanywa studio, kwa kawaida Jumapili, siku ambayo mchezo umepumzika. Columbia ilikuwa na studio yake Mtaa wa 30 Mashariki, Manhattan, ndani ya jengo lililowahi kuwa kanisa la Waarmenia. Dari lilikuwa juu, mwangwi ulikuwa wa asili, na ule uwazi unaousikia kwenye South Pacific na West Side Story ni wa jengo hilo, si wa ukumbi wowote wa Broadway.

Mara nyingi kila kitu kilibanwa kwenye siku moja. Wapiga ala walikuwa wa chama cha wanamuziki na walilipwa kwa muda, kesho yake jioni pazia lazima lifunguke, na sauti za waimbaji si za kukodi. Aliyekuja na mafua Jumapili ile, mafua yake yamo kwenye santuri hadi leo.

Kisha kulikuwa na suala la nafasi. Mchezo wa saa mbili na nusu unaingiaje kwenye santuri? Oklahoma! ilirekodiwa Oktoba 1943 kwa santuri za mizunguko 78, sita kwa jumla, zikiwa zimepangwa kwenye kitabu chenye mifuko. Neno albamu lilitokana na vitabu vya namna hiyo. Upande mmoja ulibeba kama dakika tatu. Wazee wa pwani waliokuwa na santuri za Siti binti Saad, zile za Bombay za kuanzia 1928, wanaijua adha hiyo: taarabu ya usiku kucha inakatwa ili sindano isifike katikati kabla ya beti kwisha. Juni 1948 Columbia ilileta elpii, santuri ya muda mrefu, dakika ishirini na ushee kila upande, na mambo yakapungua ukali, lakini mazungumzo na muziki wa kucheza viliendelea kuachwa nje. Mwaka 1956 The Most Happy Fella ilirekodiwa karibu yote, ikachukua elpii tatu. Hilo lilikuwa jambo la pekee.

"Oklahoma! ndiyo rekodi ya kwanza ya waigizaji wa awali"

Si kweli, ingawa naelewa kwa nini inasemwa. The Cradle Will Rock ya Marc Blitzstein ilirekodiwa na waigizaji wake 1938. Decca yenyewe ilishawarekodi Todd Duncan na Anne Brown, nyota wa awali wa Porgy and Bess, wakiimba nyimbo za mchezo huo mwaka 1940. London walikuwa wakiingiza waimbaji wa jukwaani kwenye santuri tangu Florodora, mwaka 1900.

Kilichoipa Oklahoma! sifa hiyo ni soko, na nyuma ya soko kulikuwa na mgomo. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kiliwakataza wanachama wake kurekodi. Decca ilipatana nacho Septemba 1943. Columbia na RCA Victor wakashupaa hadi Novemba 1944. Kwa zaidi ya mwaka mzima Decca ilikuwa na okestra huku wakubwa wenzake wakikaa kimya, na mchezo uliokuwa ukizungumzwa kuliko yote New York ukaanguka mapajani mwake.

"Jalada linasema stereo, maana yake imeboreshwa"

Hii ndiyo inayoniudhi kupita zote. Guys and Dolls ya 1950 ni mono. The King and I ya 1951 ni mono. Hazikuwahi kuwa kitu kingine. Lakini miaka ya 1960 stereo ilipokuwa fasheni, kampuni zilichukua kanda za mono, zikasukuma besi upande mmoja na sauti nyembamba upande wa pili, zikanyunyizia mwangwi, kisha zikaandika juu ya jalada kwamba zimetengenezwa kwa stereo kwa njia ya kielektroniki. Ukisikiliza kwa hedifoni, Gertrude Lawrence, nyota wa The King and I, ni kama anaimba huku mtu anafungua na kufunga mlango wa bafu. Matoleo hayo yamejaa kwenye mitumba ya santuri, na baadhi ya matoleo ya baadaye ya bei rahisi yalinakiliwa kutoka humohumo.

Usije ukageuka ukadhani kila stereo ya miaka ya 1950 ni ya bandia. West Side Story ilirekodiwa tarehe 29 Septemba 1957 kwa stereo halisi. Ilianza kuuzwa kwa mono, ile ya stereo ikafuata 1958.

Na usafishaji wa sauti kwa kompyuta? Una manufaa yake, ukifanywa na mwenye sikio. Ukizidishwa, chembechembe za kelele zinaondoka pamoja na pumzi ya mwimbaji na hewa ya chumba, kama picha ya pasipoti iliyolainishwa mpaka pua ikapotea.

"The Sound of Music ni ya Julie Andrews"

Ya filamu, ya 1965, ndiyo. Kwenye Broadway, 1959, Maria alikuwa Mary Martin, na Kapteni alikuwa Theodore Bikel. Waliokulia kwenye ile filamu wakipata rekodi ya jukwaani hudhani wameuziwa kitu kibovu. "I Have Confidence" na "Something Good" hazimo, kwa sababu zilitungwa kwa ajili ya filamu. Zimo "How Can Love Survive?" na "No Way to Stop It", ambazo filamu iliziacha. "My Favorite Things" anaiimba Maria na Mama Mkuu wa watawa. Usiku wa radi, Maria na watoto wanaimba ule wa mchunga mbuzi badala yake.

Humohumo kuna "Edelweiss", ambayo watu wazima na akili zao wameniambia ni wimbo wa jadi wa Austria, mmoja akisema ni wimbo wa taifa. Uliandikwa na Richard Rodgers, mtunzi wa muziki, na Oscar Hammerstein, mwandishi wa maneno, kwa mchezo huu, na ni miongoni mwa maneno ya mwisho kabisa ya Hammerstein, aliyefariki Agosti 1960.

"Nyimbo za nyongeza zilikuwemo kwenye mchezo"

Nyingi hazikuwemo. "Loneliness of Evening" na "My Girl Back Home", ambazo Mary Martin anaziimba kwenye sidii za South Pacific, zilikatwa kabla ya ufunguzi wa 1949.

"Ni za zamani, basi ni mali ya umma"

Inategemea umesimama wapi. Ulaya, ulinzi wa rekodi ulikuwa miaka 50. Uliporefushwa kuwa 70 mwaka 2013, zilizokwisha muda wake hazikurudishwa, kwa hiyo rekodi zilizotolewa hadi mwisho wa 1962 zimebaki huru. Ndiyo maana kampuni kama Naxos na Sepia zimeweza kutoa upya santuri za Decca na Columbia bila kuomba ruhusa ya kampuni zilizorekodi. Kwa kuwa hazina kanda mama, hunakili kutoka santuri safi zilizotunzwa vizuri, na si mara moja wala mbili kazi yao imenifurahisha kuliko ya mwenye mali. Ila rekodi ni kitu kimoja, wimbo ni kingine. Richard Rodgers alifariki 1979, na huko Ulaya tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2049. Watunzi hulipwa hata pale kampuni ya santuri hailipwi.

Marekani ni habari nyingine. Mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua dhidi ya Naxos kuhusu rekodi za miaka ya 1930, zikiwemo za wapiga ala Yehudi Menuhin na Pablo Casals: kwisha kwa muda wa ulinzi Uingereza hakukuziondolea ulinzi New York. Sheria ya shirikisho ya 2018 ikaja kuweka miaka bayana. Zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 hulindwa miaka 100, za 1947 hadi 1956 miaka 110, na za kuanzia 1957 hadi mapema 1972 zote zinasubiri tarehe 15 Februari 2067. Kwa hesabu hiyo albamu ya kwanza ya Oklahoma! itakuwa huru Marekani tarehe 1 Januari 2044. South Pacific ni 2060. Na ile My Fair Lady ya mono, ya Jumapili ile ya Machi, ni 2067, wiki sita tu kabla ya pacha wake wa London.