UTF-8 si fonti

Juzi, kwenye saiba moja ya Mwembe Tayari, hapa Mombasa, mama mmoja alikuja kuchapisha kadi za harusi ya bintiye. Palipoandikwa "Likoni, ng’ambo ya feri" pakatoka "ngâ€™ambo". Kijana wa saiba akamwambia, "Mama, fonti yako haina UTF-8." Mama akafuta ng'ambo, akaandika "upande wa pili". Jibu lile nimelisikia mara nyingi mno, na si sahihi.

UTF-8 ni utaratibu wa kuziandika herufi kwa baiti, vile vipande vidogo ambavyo kompyuta huhifadhia data. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1991, ni daftari linaloipa kila herufi namba. UTF-8 ndiyo njia ya kuiweka namba hiyo ndani ya faili. Fonti ni umbo la herufi tu. Kazi yake huanza kompyuta ikishajua herufi ni ipi.

Kinachowapoteza wengi ni ile 8. Wako wanaodhani ni toleo la nane. Ni biti 8 (biti ni 0 au 1), yaani baiti moja, kipande ambacho utaratibu wote umejengwa juu yake, na herufi moja huchukua baiti 1 hadi 4. Wataalamu wa kompyuta Ken Thompson na Rob Pike, walioibuni 1992, waliziachia herufi 128 za ASCII, mpango wa Marekani wa tangu 1963 wa kuzipa herufi namba, kila moja baiti yake ile ile moja. Hapo ndipo Waswahili tunapojidanganya: a hadi z zetu zote zimo mle, tukaona UTF-8 haituhusu. Ritifaa, ile alama ya ng', ikiwa imenyooka kweli imo, ni namba 39. Lakini programu nyingi za kuandikia huipinda zenyewe, na iliyopinda haimo. UTF-8 huiandika kwa baiti 3, na programu inayosoma kwa utaratibu wa zamani wa Windows huona herufi tatu: â, €, ™.

Tena Mombasa hii Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya hizi za Kizungu. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalihifadhiwa hivyo. Herufi kama چ na پ, za wenye kutaka che na pe zisomeke wazi, ASCII haizijui kabisa. UTF-8 huziandika kwa baiti 2 kila moja.

Kwa hivyo, mwanangu wa saiba, fonti ya mama haikuwa na kosa. Ifungue upya faili ile ya mwanzo, na programu ikikuuliza isome kwa utaratibu gani, chagua UTF-8. Ng’ambo yake itarudi.