Soka ya vijana na kazi ya kujitolea Lubumbashi: dhana potofu na ukweli

Kutoka Katuba hadi Ruashi, timu nyingi za watoto zimewahi kufanya salongo moja (kazi ya pamoja ya kujitolea, kama kusafisha mtaa) au kuchangisha pesa mara moja. Mara ya pili ndiyo adimu. Lawama huangukia vijana, eti hawana moyo wa kutoa, na sisi hatukubali: tatizo huwa kwenye namna jambo lenyewe lilivyopangwa.

"Mpira wenyewe unamfundisha mtoto utu."

Mpira unafundisha kile ambacho kanuni zake zinakipa alama. Ligi ikihesabu mabao tu, mtoto atajifunza mabao, na pengine kupoteza muda na kuvuta jezi. Mathare Youth Sports Association ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1987, ilichukua njia nyingine: timu inayosafisha mtaa wake hupata alama zinazoingia kwenye msimamo wa ligi pamoja na zile za uwanjani. Salongo ikiwa na alama, kapiteni huipanga kama anavyopanga mechi.

Ligi ya kartye, yaani ya mtaa, inaweza kuanza hivi: ushindi alama 3, sare 1, salongo iliyokamilika 2. Neno "iliyokamilika" lielezwe kwa maandishi kabla ya msimu: wachezaji walioandikishwa wasiopungua 11, saa mbili za kazi, shahidi kutoka timu nyingine, na sahihi ya shefu wa avenyu (kiongozi wa barabara) siku hiyohiyo. Kila timu ihesabiwe salongo moja tu kwa mwezi, la sivyo yenye vijana wakubwa wengi itajilundikia alama. Mchango wa pesa usipewe alama hata moja. Ukipewa, mzazi mmoja mwenye duka atanunua kombe mbele ya macho ya watoto wote.

"Aliyechelewa mazoezini afagie uwanja."

Desturi hii inabomoa yote mengine. Mtoto anayepewa fagio kwa sababu amekosea atajua kwamba fagio ni la waliokosea, na Jumamosi ya salongo atajificha. Adhabu za uwanjani zibaki uwanjani: akae benchi. Siku ya kazi, kocha ndiye ashike koleo wa kwanza.

"Salongo haihitaji maandalizi."

Inahitaji kuliko mechi. Kazi yenye faida kubwa hapa ni kuzibua kanivo (mifereji ya maji ya barabarani) mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kubwa. Kosa linalorudiwa ni kutoa tope na kuliacha ukingoni, halafu mvua ya kwanza inalirudisha ndani. Kwa hiyo anza kwa kupata mahali pa kumwaga, mwombe shefu wa kartye apaonyeshe, kisha tafuta toroli. Koleo ziwe za mwisho. Kwa watoto 20, toroli 2, koleo 6, reki 4 na magunia vinatosha, maana hawachimbi wote kwa wakati mmoja. Mtu mzima mmoja asimamie watoto 10.

Vioo na sindano viokotwe na watu wazima wenye glavu nene. Kanivo inayopokea maji ya vyoo watoto wasiiguse kabisa, kwa ajili ya kipindupindu. Vilevile msiwapeleke kwenye vijito vinavyopokea maji ya viwanda vya shaba na kobalti: metali za humo huingia mwilini pamoja na vumbi na mikono inayokwenda mdomoni. Kabla ya mtu yeyote kula, maji safi na sabuni viwe tayari pale pale.

"Mechi yenye kiingilio lazima ilete pesa."

Piga hesabu kwanza. Watazamaji 150 wakilipa falanga 500 kila mmoja, ni falanga 75 000. Waamuzi watatu kwa 10 000 ni 30 000, uwanja 20 000, maji 15 000, chokaa ya mistari 10 000. Imebaki sifuri, na yatima walikwisha kuahidiwa.

Dawa yake ni kuitafutia kila gharama mtu wake wiki mbili kabla: mmoja alete maji, mwingine chokaa, waamuzi waombwe kujitolea. Gharama ambayo haijapata mtu ikatwe. Njia nyingine ni kiingilio cha kitu: kipande cha sabuni, au familia nzima iingie kwa meka moja (kopo la kupimia la sokoni) ya unga. Mtoto asiye na falanga anaweza kuja na sabuni kutoka nyumbani, naye akawa mtoaji kama wengine.

Pesa zikiingia, watu watatu wazihesabu palepale uwanjani, akiwemo mzazi mmoja asiye wa uongozi wa timu. Karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe siku hiyo. Zikienda kwa simu, ada ya kutoa iandikwe nayo, kwa kuwa upungufu mdogo usioelezwa ndio huanzisha maneno.

"Ahadi ya pesa kwa kila goli huchangamsha watu."

Huchangamsha mpaka matokeo yawe 9-0. Wadogo wanaaibishwa, na aliyeahidi anatafuta pa kutokea. Afadhali ahadi ihesabu mechi iliyokwisha bila kadi, tena iwe na kikomo kilichoandikwa.

"Anayepokea atashukuru chochote."

Nenda ukaulize kwanza. Kituo cha watoto kinaweza kuwa na nguo tele na hakina makala (makaa) ya kupikia. Maziwa ya unga ya watoto wachanga msiyapeleke bila kuombwa na mhudumu wa afya: yakichanganywa na maji machafu huleta kuhara, na yanaweza kumfanya mama apunguze kunyonyesha. Kuhusu picha za mtoto akipokea sabuni, hatuzikubali. Wachangiaji waonyeshwe risiti yenye muhuri wa kituo.

"Timu nzima itoe damu asubuhi, jioni icheze."

Damu inahitajika sana, hasa kwa watoto walioishiwa damu kwa malaria na kwa akina mama wanaovuja damu wakati wa kujifungua. Lakini mtoaji awe na miaka 18 au zaidi na kilo zisizopungua 50, na apimwe wingi wa damu kwanza. Hutolewa takriban mililita 450. Siku hiyo hachezi wala hafanyi mazoezi mazito, na chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa kurudi, kwa hiyo panga baada ya mechi ya mwisho ya msimu. Tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, huangukia kiangazi. Wanaotoa wawe makocha, wazazi na vijana wakubwa. Wadogo wapokee watu, waandike majina na kugawa maji ya kunywa.