Si imani yako iliyopungua: dhana potofu kuhusu maombi yasiyojibiwa

Wiki mbili baada ya kumzika mdogo wangu, dada mmoja wa ushirika alifika kwa mama, Kayole hapa Nairobi, na mkate na paketi mbili za maziwa. Alikunywa chai, akaomba, na akiwa mlangoni anavaa viatu akasema kwa upole: "Mama, labda kuna mmoja wenu aliyekuwa na shaka. Mungu hashindwi na figo." Mama alijibu, "Asante, mwanangu," akafunga mlango. Kwa siku tatu chakula hakikumpita kooni. Alikuwa anajipekua moyoni, akiitafuta ile shaka iliyomuua mwanawe.

Naandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengi waliokaa kwenye viti vya wodi za jiji hili wakijiuliza wamekosea wapi.

Dhana: imani yako ingetosha, ungejibiwa

Hii ndiyo inayochoma kupita zote, maana humtwika mgonjwa ugonjwa na hatia kwa pamoja. Hutegemezwa na neno la kweli, lile la imani kama punje ya haradali inayohamisha mlima. Lakini Yesu alichagua haradali kwa sababu ya udogo wake. Na yule baba katika Marko 9, aliyemleta kijana wake mwenye pepo, alisema shaka yake waziwazi: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mwanawe akaponywa.

Sasa geuza upande wa pili, uwatazame walioamini wasipewe. Matendo 19 inasimulia kwamba leso zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa, wakapona. Paulo huyohuyo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba uliomtesa mwilini, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Mwiba ukabaki. Mwenzake wa safari, Trofimo, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo, aliyemwita mwanawe katika imani, alimshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyomrudia mara kwa mara. Sijui mchungaji wa leo angewaambia nini watu hao watatu kwenye kesha la Ijumaa.

Halafu kuna Waebrania 11, sura tunayopenda kuihubiri hadi pale simba walipofungwa vinywa, kisha tunafunga Biblia. Endelea kusoma. Wengine walipigwa mawe, wengine wakakatwa kwa misumeno, na mstari wa 39 unasema kwamba hao wote walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Waliookolewa na wasiookolewa wamo katika orodha moja.

Yesu mwenyewe, pale Gethsemane, aliomba mara tatu kikombe kimwepuke. Akakinywa.

Dhana: msiba ni malipo ya dhambi fulani

Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali hilihili kuhusu kipofu wa kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Jibu la Yohana 9:3 ni fupi. Si yeye, wala si wazazi wake.

Lakini kwa mtu wa Nairobi, mahali panaponigusa zaidi ni Luka 13. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka na kuua watu 18. Yesu akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu, akajijibu: sivyo. Kila ninapopita kwenye bustani ya kumbukumbu, Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, naukumbuka mnara huo. Tarehe 7 Agosti 1998, Ijumaa asubuhi, bomu lililolenga ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 mjini hapa, na jengo la Ufundi lililokuwa jirani likaporomoka. Chini ya kifusi kulikuwa na mwanamke aliyesikika akiwa hai kwa siku kadhaa, akizungumza na waokoaji. Nchi nzima ilimwombea. Walipomfikia alikuwa ameshakufa.

Atakayesema nchi nzima ilikosa imani, aseme. Mimi siwezi. Kwa nini hakuokolewa, sijui, na sioni mahali Mungu ametutuma tumsaidie kutunga sababu.

Dhana: Mkristo wa kweli halalamiki

Basi Daudi hakuwa mwamini, maana ndiye aliyesema, "Ee BWANA, hata lini utanisahau?" Zaburi nyingi sana ni za kilio. Nyingi hugeuka mwishoni kuwa sifa, lakini Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kulia usiku na mchana, na inaishia gizani. Waliokusanya Zaburi waliiacha vilevile, wala hawakuipachika mstari wa kutia moyo.

Ayubu naye aliilaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari ndio waliomtetea Mungu kwa maneno mazuri: mwenye haki hafikwi na haya, tubu urejeshewe. Kitabu kina sura 42, na katika ya mwisho Mungu anawakasirikia watetezi wake, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Walichofanya vyema kiko mwanzoni tu, walipoketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila mmoja kutamka neno.

Dhana: kwenda hospitali ni kumshuku Mungu

Hii haihitaji maneno mengi. Luka anaitwa tabibu mpendwa. Hospitali ya Kikuyu, nje kidogo ya jiji, ilianzishwa mwaka 1908 na wamisheni kutoka Uskoti walioomba na kutibu siku hiyohiyo. Akikwambia mtu uache dawa ili uonyeshe imani, ondoka hapo.

Dhana: panda mbegu, utavuna uponyaji

Mbegu yenyewe ni pesa anazoomba mhubiri, na nambari ya kuzituma kwa M-Pesa husomwa mara mbili, polepole, mama mwenye mtoto mgonjwa asikose kuiandika. Someni 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari wa Shamu, alipopona ukoma, alimletea nabii Elisha fedha na dhahabu. Elisha alikataa kabisa. Mtumishi wake Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari la Naamani kudai fedha na mavazi, akarudi na ukoma wa Naamani.

Na ule mstari ulioandikwa kwenye vioo vya matatu, Yeremia 29:11, wa mawazo ya amani? Ni wa barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari unaoutangulia unawaambia watangoja miaka 70. Wengi wa walioisikia barua hiyo ikisomwa walizikwa ugenini. Tumaini lilikuwa la kweli, ila lilikuwa refu kuliko maisha yao.

Naamini Mungu huponya. Katika wodi aliyolala mdogo wangu niliona mtu aliyekatiwa tamaa akitoka kwa miguu yake, na tulimshukuru Mungu pamoja naye, kitanda cha ndugu yangu kikiwa mita tatu kutoka hapo.

Mama bado huenda kesha. Mwezi uliopita, wakati wa shuhuda, alisimama akavaa miwani, akasoma Zaburi ya 88 kutoka juu hadi chini, akaketi. Kulikuwa na kimya kirefu. Kisha mzee mmoja aliyekuwa nyuma, aliyempoteza mkewe mwaka jana, akasema, "Mama, isome tena."