Kujibu Barua Pepe Papo Hapo Si Uhodari

Maofisini Unguja, hasa kwenye mahoteli, wengi huamini mfanyakazi hodari ni yule anayejibu barua pepe kengele ikilia tu. Sivyo. Karani wa Paje anapanga vyumba vya Julai. Simu inalia, kumbe ni barua pepe ya tangazo la magodoro, na akirudi kwenye jedwali hajui aliishia mstari upi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha utafiti wa watu 124: wiki waliyofungua barua pepe mara 3 tu kwa siku, msongo wao ulikuwa mdogo kuliko wiki waliyofungua watakavyo. Basi zima arifa, jiwekee nyakati. Na mgeni aliyekwama bandarini Malindi? Huyo atapiga simu, haandiki barua pepe.