Mhafidhina Anayepinga Vita: Ni Nani, na Kura Yake Huipeleka Wapi?

Ukimsikia Mmarekani akijiita mhafidhina, pengine kichwani unamchora mtu wa namna hii: Jumapili yuko kanisani, anapinga utoaji mimba, anataka kodi ndogo, ana bunduki nyumbani, na Rais akituma jeshi ng'ambo yeye ndiye wa kwanza kutundika bendera mlangoni. Hayo ya mwanzo mara nyingi ni kweli. Hilo la mwisho ndilo linalopotosha. Yuko mhafidhina wa mkondo wa zamani zaidi, anayepinga vita vya ng'ambo kwa sababu zilezile zinazomfanya apinge kodi kubwa. Hakuazima msimamo huo kwa wapinzani wake wa mrengo wa kushoto, aliukuta nyumbani.

Uhafidhina wa Marekani umejengwa juu ya kuishuku serikali kuu. Familia, kanisa, mji mdogo na jimbo, anasema mhafidhina, vinayajua mambo yao kuliko maofisa wa Washington. Sasa hakuna kitu kinachoinenepesha serikali kuu kama vita. Vita huleta kodi, na kodi isipotosha huleta mikopo. Huzaa idara mpya ambazo amani ikirudi hazivunjwi. Humpa Rais madaraka ambayo siku za kawaida asingethubutu kuyaomba. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani ilipata sheria iliyorahisisha kupekua mawasiliano ya raia, kisha mwaka 2002 ikapata wizara mpya ya usalama wa ndani. Aliyetia saini yote mawili ni George W. Bush, Rais wa chama cha Republican, chama kilichokuwa kikihubiri serikali ndogo. Mpiga kura aliyekiamini chama hicho kwa miaka mingi alikuwa na kila sababu ya kuuliza kulikoni.

Kuna suala la Katiba pia. Ibara ya kwanza, kifungu cha 8, inalipa Bunge la Congress mamlaka ya kutangaza vita, haimpi Rais. Mara ya mwisho Congress kufanya hivyo rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Korea, Vietnam, Afghanistan, Iraq: kote huko wanajeshi walikufa bila tangazo. Mwaka 1973 Congress ilipitisha, licha ya kura ya turufu ya Rais Richard Nixon, sheria inayomtaka Rais aondoe majeshi vitani ndani ya siku 60 asipopata idhini ya Congress, na tangu hapo marais wa vyama vyote viwili wamekuwa wakiitafutia njia ya kuikwepa. Anayedai Katiba isomwe kama ilivyoandikwa hawezi kukiruka kifungu hiki kwa sababu tu aliyeko Ikulu ni wa chama chake.

Halafu imani. Wakristo wengi wa mrengo huu hupima vita kwa mafundisho ya kale ya vita vya haki: sababu iwe ya haki, mwenye kuamuru awe na mamlaka halali, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, na madhara yasizidi uovu unaozuiwa. Machi 2003, siku chache kabla ya Iraq kuvamiwa, Papa John Paul II alimtuma Kardinali Pio Laghi kwenda kumsihi Bush asianzishe vita hivyo. Mkatoliki aliyemsikiliza Papa huyo kuhusu mimba alilazimika kumsikiliza na hapa.

Mtu huyu si mpinga vita vyote. Nchi yake ikishambuliwa, atapigana. Ron Paul, mbunge wa Texas ambaye jina lake linatajwa kuliko mengine katika habari hii, aliiunga mkono idhini ya 2001 ya kuwasaka waliohusika na Septemba 11, na mwaka uliofuata akaikataa ile ya Iraq. Wala si mtu wa kujifungia ndani: anataka biashara na kila taifa, ila bila kambi za kijeshi na mikataba ya kupigania wengine. Kambi hizo sisi wa pwani tunazijua. Iko moja Manda, kaunti ya Lamu, ambako Januari 5, 2020 al-Shabaab walivamia na kuua Wamarekani watatu. Mhafidhina wa aina hii ndiye anayeuliza vijana wake walitumwa Manda kwa kura ya nani bungeni.

Msimamo huu una mizizi mirefu. George Washington, akiaga mwaka 1796, aliwaonya wananchi dhidi ya kujifunga katika miungano ya kudumu na mataifa ya kigeni. John Quincy Adams, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Julai 4, 1821 alisema Marekani haiendi ng'ambo kutafuta madubwana ya kuua. Katika karne ya 20 mwenge ulishikwa na Robert Taft, seneta wa Ohio na mtoto wa rais, aliyekuwa mmoja wa maseneta 13 waliopinga mkataba wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, mwaka 1949 huku 82 wakiukubali. Mwaka 1952 aliitafuta tiketi ya Republican akashindwa na Jenerali Dwight Eisenhower.

Doa nalo lisemwe. Vuguvugu la America First la 1940 na 1941, lililotaka Marekani isiingie vita vya Ulaya, lilichafuka pale msemaji wake mashuhuri, rubani Charles Lindbergh, alipowatuhumu Wayahudi kuwa miongoni mwa wanaoisukuma nchi vitani. Lilivunjwa baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, Desemba 1941. Wahafidhina wanaopinga vita wamekuwa wakitupiwa doa hilo tangu siku hizo, wengine kwa haki na wengi kwa kuonewa.

Vita Baridi viliwanyamazisha. Hofu ya ukomunisti iliwashawishi wahafidhina wengi kuikubali serikali kubwa na jeshi lililotapakaa duniani. Umoja wa Kisovieti ulipoelekea kuanguka, Pat Buchanan, mwandishi na mwanasiasa wa Republican, alizifufua hoja za Taft: alipinga vita vya Ghuba vya 1991, na mwaka uliofuata akamkabili Rais George H. W. Bush katika kura za mchujo, ambamo chama humchagua mgombea wake. Upande wa pili ndani ya chama walisimama wanaoitwa wahafidhina mamboleo, wanaoamini nguvu za Marekani zitumike kuangusha madikteta na kueneza demokrasia.

Uamuzi wa Iraq ndio uliozitenganisha kambi hizi mbili. Oktoba 2002 Baraza la Wawakilishi liliidhinisha vita kwa kura 296 dhidi ya 133. Waliokataa upande wa Republican walikuwa sita tu. Katika Seneti, ambako kura zilikuwa 77 kwa 23, Mrepublican aliyekataa alikuwa mmoja, Lincoln Chafee. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu hazikupatikana.

Sasa mweke mpiga kura huyu mbele ya karatasi ya kura ya urais ya mwaka 2004. Bush anapinga utoaji mimba na atateua majaji wa Mahakama ya Juu wanaomfaa, lakini vita ni vyake. Na mwaka 2000 aliomba kura akiahidi sera ya nje ya unyenyekevu, akipinga majeshi kutumika kujenga mataifa ya watu. John Kerry wa Democratic anavilaumu vita, lakini mwaka 2002 aliipigia kura ya ndiyo idhini yake, na katika mimba na kodi yuko mbali naye kabisa. Michael Peroutka wa chama kidogo cha Constitution anakubaliana naye karibu kila jambo, ila hana njia ya kushinda. Jarida moja la wahafidhina waliopinga vita, ambalo Buchanan alikuwa mwanzilishi mwenza, lilishindwa kutoa jibu moja: waandishi wake waligawanyika, Buchanan mwenyewe akirudi kwa Bush na mhariri mwenzake akimchagua Kerry. Siwalaumu. Karatasi inakupa alama moja tu ya kuweka, na alama hiyo inabeba majaji, kodi, watoto wasiozaliwa na vijana walioko vitani Fallujah, Iraq, kwa pamoja.

Mwaka 2008 alikuwa na mtu wake, lakini katika mchujo tu. Mei 2007, kwenye mdahalo wa South Carolina, Ron Paul alisema kuingilia mambo ya Mashariki ya Kati ndiko kulikochochea chuki iliyoleta Septemba 11. Rudy Giuliani, mgombea mwenzake na meya wa zamani wa New York, alimtaka ayafute maneno hayo, na ukumbi ukamshangilia Giuliani. Februari 2016, jimbo hilohilo, jukwaa la chama hichohicho, Donald Trump aliita vita vya Iraq kosa kubwa. Alizomewa, na wiki moja baadaye akashinda jimbo. Wapiga kura walikuwa wamebadilika kuliko viongozi wao. Ila hata yeye aliwatia majaribuni wapinga vita waliomchagua: Aprili 2019 alitumia kura ya turufu kuzuia azimio la kuondoa mkono wa Marekani katika vita vya Yemen, na Juni 2025 akaamuru vituo vya nyuklia vya Iran vipigwe.

Katika kupima aipeleke wapi kura yake, jambo la kwanza ni jimbo analoishi. Rais hupatikana kwa wajumbe wa uchaguzi wanaogawiwa majimbo, 270 kati ya 538, na karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wake wote. Anayeishi Alabama, ngome ya Republican, anaweza kumpigia mgombea wa chama kidogo bila kubadili mshindi. Wa Florida mwaka 2000 hakuweza kusema hivyo: jimbo hilo, na urais wenyewe, viliamuliwa kwa kura 537. Jambo la pili ni mchujo, ambako anaweza kuchagua kwa moyo wote kabla hajalazimika kuchagua kwa hesabu.

La tatu husahauliwa, nami naliona kubwa kuliko yote: kura ya Congress. Walter Jones, mbunge wa Republican kutoka eneo la North Carolina lenye kambi kubwa ya wanamaji ya Camp Lejeune, aliipigia ndiyo idhini ya 2002. Baadaye alijuta hadharani, akawaandikia barua zaidi ya 11,000 familia na jamaa wa waliouawa, na akageuka mpinzani mkali wa vita. Wapo waliojaribu kumng'oa katika mchujo kwa ajili hiyo. Wapiga kura wake, wakiwemo watu wengi wa jeshi, walimrudisha kila mara hadi alipofariki Februari 2019. Seneti ilipopiga kura Machi 2023 kuifuta idhini ileile ya Iraq, ilipita kwa 66 dhidi ya 30, na maseneta 18 wa Republican walikuwa upande wa kuifuta.