Tamiz na pak: usafi wa aina mbili katika Kiajemi

Kiajemi cha Iran kina neno moja la usafi wa macho na jingine la usafi wa ibada. Tamiz ni kitu kisicho na doa wala harufu. Pak ni kilicho tohara, unachoweza kuswalia. Kiatu chenye vumbi ni kasif, kichafu, lakini hakina najisi. Mate ya mbwa yakikauka kwenye nguo huyaoni tena, na nguo imebaki najes.

Ndiyo maana shati lililoingia damu linaweza kufuliwa kwa sabuni kwenye beseni, likatakata, na mama mwenye nyumba bado akasema halijawa pak. Atalifanyia ab keshidan: kulisuuza kwa maji tohara baada ya damu yenyewe kuondoka. Akitumia maji ya kopo, atalikamua pia, maji yaliyobeba najisi yatoke.

Hapo huja suala la kor, maji mengi ambayo hayanajisiki kwa kuguswa tu na najisi, madhali hayajabadilika rangi, ladha wala harufu. Kipimo chake cha asili ni shubiri. Makadirio yanayotajwa sana leo katika fiqhi ya Kishia ni lita 384 hivi. Chini ya hapo ni qalil, maji machache, na tone moja la damu huyaharibu yote. Aliyesoma madrasa pwani atakumbuka kulateni ya Mashafii: wazo ni lile lile, kipimo mbali. Maji ya bomba la mji, kwa kuwa yameungana na tangi kubwa, huhesabiwa kor.

Maneno ya ibada yenyewe hayampi Mswahili taabu: vozu ni udhu, ghosl ni josho, tayammom ni kutayamamu. Vozu "huchukuliwa" (gereftan), kama sisi tunavyochukua udhu, ila Mashia hupaka maji miguuni badala ya kuiosha. Zamani Waajemi walisema pia abdast, "maji" na "mkono". Waturuki na Wabosnia wameng'ang'ania abdest hadi leo, na Afghanistan utasikia dastnamaz.

Angalia neno taharat. Kwetu tohara huweza kumpeleka mtu jandoni. Muirani akisema taharat gereftan, anazungumzia kustanji, au tuseme tu kuchamba. Chombo chake ni aftabe, birika la mdomo mrefu. Aftabe na beseni lake, lagan, vilitumika pia kunawisha wageni kabla ya chakula, na methali inamsuta mwenye makuu: aftabe na lagan seti saba, chakula cha mchana na cha usiku hakuna.

Anayerudia kusuuza mpaka vidole vinakunjamana huitwa vasvasi, mwenye wasiwasi. Fiqhi haimpongezi hata kidogo: humwambia asijali shaka yake, afunge bomba akaswali.