Kutoka jeshini hadi tiba ya yoga: cheti cha saa 200 hakitoshi

Wapo wanaoamini kwamba mwanajeshi mstaafu wa Marekani, kwa kuwa amekwisha kuzoea nidhamu na mazoezi ya mwili, anahitaji kozi ya ualimu ya saa 200 tu ili aitwe mtaalamu wa tiba ya yoga. Imani hiyo si sahihi. Kozi hiyo humwandaa kuongoza darasa la kawaida. Tiba ni taaluma nyingine, na programu zinazotambuliwa na International Association of Yoga Therapists, chama cha kimataifa cha wataalamu wa tiba ya yoga, hudai angalau saa 800 zaidi, kwa muda usiopungua miaka 2, zikiwemo saa za kuwahudumia wateja chini ya usimamizi. Hata akihitimu, cheti hicho cha tiba ya yoga hakimpi mamlaka ya kutambua ugonjwa wala kuandika dawa.

Nidhamu ya kambini humsaidia, lakini sauti ya amri, jambo ambalo husahaulika mno, yaweza kuwa kikwazo: anayemhudumia mwenzake mwenye kiwewe cha vita hupaswa kumwalika badala ya kumwamuru, asimguse bila idhini yake, na amwachie uhuru wa kutofumba macho au wa kukaa akiutazama mlango.